Bata Bukini kwa Baba Mkwe

Mke wangu aliondoka nikiwa kwenye sala ya adhuhuri, na mpaka leo naamini aliuchagua wakati huo kwa makusudi, maana alijua sitakatiza rakaa ili nimkimbilie. Nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, kisha hatua zake zikipita juu ya majani makavu ya migomba. Nilipomaliza kutoa salamu nyumba ilikuwa kimya, na chungu kilikuwa kimeepuliwa motoni ili ndizi zangu zisiungue. Hilo la chungu liliniudhi kuliko kuondoka kwenyewe. Mtu akikukimbia, akukimbie na hasira zake zote, asikuachie chakula kimeiva vizuri.

Siku hizo nilikuwa na duka dogo karibu na Bweranyange. Niliuza kaniki, merikani, chumvi, shanga na majembe. Marehemu baba alikuwa mtu wa Mrima aliyepanda bara na misafara, akachoka kutembea, akabaki. Mimi nilizaliwa pwani, nikaletwa Karagwe nikiwa kijana tayari mwenye ndevu, na Wajerumani walikuwa wameshajenga boma lao Bukoba. Kinyambo nilijifunza dukani, kwa hiyo niliweza kusema bei, kupima na kutania, lakini mambo ya ndani ya nyumba za watu nilikuwa nayajua nusunusu. Nikajiona nayajua yote.

Ugomvi wetu ulikuwa wa maharage. Mvua za kwanza zilipoanza, mke wangu aliomba ruhusa aende Kaisho kumsaidia mama yake kupanda. Nikamwambia hapana, duka linamhitaji. Akaomba tena. Safari hiyo kulikuwa na wateja wawili wamesimama mbele yetu, na mimi nikataka kuonekana mume. Nikasema kwa sauti, "Wewe umeolewa na duka, hukuolewa na jembe." Wateja wakacheka. Yeye aliendelea kukunja kitambaa alichokuwa akikikunja. Kesho yake mchana ndiyo hiyo nikaachiwa ndizi.

Nilikaa siku nne nikingoja arudi mwenyewe. Siku ya tano mwanamke mmoja aliyekuwa akituletea ndizi kutoka upande wa Kaisho alitua mkungu wake mlangoni, akapumua, akanipa ujumbe wa baba mkwe kama alivyopewa. "Anasema mwezi huu usiishe hajakuona. Ukiisha, atajua binti yake amerudi kwao moja kwa moja." Nilitoka nje usiku ule kuutafuta mwezi. Zilibaki siku tisa.

Kule, mke akienda kwao kwa hasira, mume ndiye anayemfuata. Hatumi mtu. Anakwenda mwenyewe, anakaa uani, anasomewa makosa yake mbele ya wakwe, na haendi mikono mitupu. Wengi hubeba kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, na kabla kibuyu hakijafika nusu mambo yanakuwa yameshalainika. Mimi Mwislamu ningeibebaje pombe kichwani mchana kweupe? Nguo nazo zilikuwa zimeshanifedhehesha. Mwaka uliotangulia tuligombana kidogo, akakaa kwao siku mbili, nami nikampelekea baba mkwe doti mbili za kaniki safi. Akazishika kwa vidole viwili, akasema, "Hii umeikata dukani kwako. Mkono wako umefanya kazi gani hapa?" Mke nilipewa, lakini nilipewa kwa mdomo uliopinda.

Mbuzi wa kununua angekuwa nguo ile ile yenye miguu minne. Ilibidi niende na kitu nilichokitolea jasho. Na mimi, mwenye kiburi changu cha pwani, nikawaza bata bukini.

Sikuwa mwendawazimu kabisa. Kwetu pwani, nyumba iliyochinja bata bukini ilizungumzwa mwezi mzima. Baba mkwe alikuwa mlaji wa ndege, maana siku ya harusi alinichinjia jogoo, tukala naye sahani moja. Kwenye mto Kagera, chini ya vilima vya Kaisho, bata bukini weusi wenye matumbo meupe walikuwa wamejaa, na nilikuwa na gobori la baba na kipembe cha baruti. Sikuwa mwindaji wa pofu wala wa nyati, lakini marisau, zile risasi ndogondogo za ndege, hata mtu wa duka anaweza kuzitumia. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Jirani yangu, mfanyabiashara mwenzangu, alitaka kunipa mtu wake mmoja hodari wa kulenga. Nikakataa. Nilimwona akilini baba mkwe akiuliza, "Nani aliyempiga?" Nikafunga duka, nikaenda peke yangu.

Ni mwendo wa siku nzima na ushee. Nilishuka mtoni asubuhi ya pili, nikakuta kibanda cha wakata mafunjo kilichoachwa, nikaweka vitu vyangu humo. Nilikuwa na fataki nne tu za kuwashia baruti. Nilizihesabu, nikaona zinatosha na kubaki. Bata mmoja, fataki nne!

Watu wasioujua mto ule hudhani nchi yetu ni ya joto. Waende Kagera alfajiri, mvua ikiwa imenyesha, wakae kwenye mafunjo. Ukungu hulala juu ya maji mzito, huoni hata mkono wako ukiunyoosha, na baridi inapanda kutoka kwenye matope inaingia kwenye magoti na kubaki humo. Kesho yake alfajiri nilikuwa humo, nimevaa kanzu na koti kuukuu. Kanzu ilinyonya umande mpaka kiunoni. Meno yaligongana kwa kelele, nikawa nayakemea kama wateja, maana bata walikuwa karibu na niliwasikia. Walikuwa wakipiga gumzo lao ndani ya ukungu, wanapigapiga maji, wametulia, na sikuwaona hata mmoja.

Ukungu ulipoanza kupasuka niliwaona sita, hatua thelathini kutoka nilipo. Nikalenga aliye mnene. Nikavuta. Fataki ikalia ta, baruti ikanyamaza. Ilikuwa imelowa. Bata wakainua shingo zote sita, wakanitazama nilivyo na gobori langu, kisha wakaruka bila haraka. Hiyo ndiyo iliyoniuma, kwamba hawakuwa na haraka. Nilibaki nimesimama nikitukana kwa Kiswahili na Kinyambo, na nilipokwisha maneno nikatukana tena yale yale.

Nilishinda siku ile nikianika baruti juu ya jiwe na kuifunika kila wingu lilipopita. Mawingu yalipita mengi. Bata walirudi alasiri wakatua upande wa pili wa mto, upande usiofikika, wakala majani mpaka wakashiba mbele ya macho yangu. Mimi nilikula kiazi baridi.

Asubuhi ya pili ya mawindo nilipiga. Nilipiga vizuri, naomba nisifiwe angalau kwa hilo. Gobori liliunguruma, moshi ukaungana na ukungu, nikasikia kishindo cha kitu kizito kikianguka kwenye mafunjo. Nikachomoa kisu, nikakimbia. Kukimbia kwenye mafunjo ni maneno tu. Mguu unazama, unauvuta, kiatu kinabaki, unarudi kukitafuta, unaanguka. Nilikuwa nikisema bismillahi njia nzima ili nisipoteze wakati nikifika. Nilipofika, bata alikuwa amelala chali, miguu imenyooka, macho yamefunga utando. Nikamshika shingo. Ilikuwa inaning'inia. Nikamwekea kiganja kifuani, nikangoja mapigo, nikangoja tena. Hakuna.

Alikuwa ameshakuwa kibudu. Mnyama aliyekufa kabla ya kisu hatumli, na mimi nilifundishwa kwamba wa risasi ni hivyo hivyo, lazima umkute na uhai. Wapo wanaosema ukitaja jina la Mungu wakati wa kuvuta anahalalika. Mimi wakati wa kuvuta nilikuwa nimetaja mambo mengine. Nilikaa kwenye tope nimempakata yule ndege, mzito kama mtoto wa mwaka, manyoya yake ya mgongoni yanang'aa kijani, na nikaanza kubishana na nafsi. Baba mkwe si Mwislamu, haimhusu alikufaje. Nikajibu kwamba nikikaribishwa nitakula nini? Nitamwambia mkwe wangu, "Kula wewe, mimi kwangu ni haramu"? Zawadi usiyoweza kuila wewe mwenyewe ni matusi. Basi nimchinje sasa hivi, nani atajua? Kisu nilikishika mkononi muda mrefu sana.

Mtumbwi ukatokea kwenye ukungu. Ndani yake alikuwa mtu mmoja wa makamo, mvuvi, amejifunga ngozi mabegani, anasukuma kwa upondo mrefu. Aliniangalia, akamwangalia bata.

"Umempata mnene," alisema.

"Amekufa," nikamwambia.

Akacheka mpaka mtumbwi ukatikisika. "Si ulimpiga ili afe?"

Nikamweleza kwa Kinyambo changu cha dukani. Nikamwambia ilibidi nimkute hai ili nimuue. Nilipojisikia nikisema hivyo, niliona aibu, si kwa dini yangu, bali kwa namna ilivyotoka. Yeye alinisikiliza kwa adabu, akasogeza mtumbwi mpaka ukanigusa goti, akanyoosha mkono. "Basi huyu hana kazi kwako." Nikampa. Akamlaza kwenye maji yaliyotuama ndani ya mtumbwi wake, akaniambia bata wanapenda kulala kwenye kisiwa cha nyasi kule juu ambako mto unapinda, akasukuma upondo wake. Nilimsikia akicheka peke yake hata alipokwisha kupotea kwenye ukungu. Nyumba moja ya upande ule ilikula vizuri siku hiyo.

Zilibaki fataki mbili. Zilibaki pia siku tano za mwezi, lakini uvumilivu wangu ulikuwa umeisha kabla ya mwezi. Nilijiuliza kwa nini nateseka. Mke sikumfukuza, aliondoka mwenyewe. Ni mimi niliyetukanwa na chungu cha ndizi! Nilifunga vitu vyangu kurudi dukani, nikafika mpaka kwenye njia. Hapo nikakumbuka anavyokunja kitambaa, anavyopitisha kiganja juu yake mara moja ili kilale, na nikaona nyumba ile bila mkono huo. Nikarudi mtoni, na hasira zangu nikarudi nazo.

Asubuhi ya tatu nilikwenda kwenye kona aliyonielekeza mvuvi. Ilibidi niingie majini mpaka mapajani ili nikione kisiwa. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata. Nilipoyaingia nilikosa pumzi, nikadhani moyo umesimama. Nilisimama humo nikimfikiria mamba, kisha nikimfikiria kiboko, kisha nikamrudia mamba. Bata wanne walikuwa kwenye nyasi. Safari hii nilisema bismillahi kwanza, kwa sauti, na kwa sauti hiyo wakaruka. Nikapiga wakiwa hewani. Mmoja akayumba, akaanguka majini hatua kama ishirini chini yangu, hai kabisa, bawa moja limevunjika, akaanza kuogelea kufuata mkondo.

Nikamfuata. Nilitupa gobori kwenye nyasi nikamfuata kwa miguu, na miguu ilipokosa chini nikamfuata kwa mikono. Kuogelea nilijifunzia baharini, kwenye maji ya uvuguvugu yanayokubeba. Kagera haukubebi, unakushusha. Kanzu ilinifunga miguu. Nilimshika mkia, manyoya yakabaki mkononi. Nilimshika tena, safari hii bawa, na hapo ndipo nilipojua kwamba bata bukini wa kule ana mwiba kwenye kiwiko cha bawa, mwiba wa kweli, mrefu na mgumu. Alinipiga nao mkononi hapa, chini ya kiwiko, akanichana mpaka nyama nyeupe ikaonekana. Kovu ninalo. Nilipiga kelele, nikanywa maji, nikamkumbatia kwa mikono yote miwili kama ndugu aliyepotea miaka mingi, tukasukumwa pamoja mpaka kwenye mafunjo.

Nikapata pa kusimama. Nikachomoa kisu. Sasa Kibla kiko wapi? Dukani kwangu nilikijua, kiko upande wa mlango. Mtoni kulikuwa na ukungu pande zote, jua halionekani, mto umepinda, na mimi nimezungushwa na maji mpaka sijui nimetokea wapi. Nilikuwa nimesimama na ndege anayenitwanga kifuani, damu yangu inachuruzika, nageuka huku na huku kama mtu aliyedondosha ufunguo. Mwishowe nikakisia, nikamwambia Mungu anajua nia yangu, nikachinja. Damu ilitoka nyingi na ya moto. Nilifurahi, astaghafirullah, nilivyofurahi. Nilimwinua juu kwa miguu nikacheka peke yangu pale kwenye mafunjo. Hakuna aliyeniona.

Gobori nililikuta. Kiatu kimoja sikukikuta. Nikafunga mkono kwa kitambaa cha kilemba, nikamwosha bata, nikamtundika begani, nikapanda kilima cha Kaisho mguu mmoja na kiatu, mwingine bila. Njia nzima nilikuwa nikiipanga hotuba yangu. Nilikusudia kukubali kosa la duka na jembe. Nilikusudia kusema kwamba msimu wowote wa maharage ataondoka bila kuniomba mara ya pili. Zaidi ya yote nilitaka wajue kwamba mimi si mume mkali, kwamba binti yao nyumbani kwangu anathaminiwa.

Nilifika jua likiwa juu. Baba mkwe alikuwa ameketi uani mbele ya nyumba ya msonge, mzee mrefu mkavu, anasuka kamba. Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliniangalia kuanzia kichwani, akashuka mpaka kwenye mkono uliofungwa, kwenye kanzu ya matope, kwenye mguu usio na kiatu. Akamwangalia bata. Aliweka kamba chini.

"Huyu umemnunua wapi?"

"Sikumnunua, baba. Nimempata Kagera, mwenyewe. Siku tatu." Nikamwonyesha mkono.

Alifungua kitambaa changu akalitazama lile jeraha kwa makini, akakirudisha. Halafu akatabasamu. Nilikuwa sijawahi kumwona baba mkwe akitabasamu kabla ya siku ile. Akaagiza niletewe kibao cha kukalia, na mama mkwe akatoka na kikapu kidogo cha buni za kutafuna, zile wanazozichemsha na majani ya harufu nzuri na kuzikausha, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Mke wangu nilimwona kivulini mlangoni, nyuma ya mama yake. Alikuwa ananitazama mguu. Nikatafuna buni. Nikajua nimeshinda.

Nilisema kosa langu lote. Sikulipunguza. Baba mkwe alitikisa kichwa pale palipostahili, mama mkwe akaguna palipostahili, na nilipofika mwisho kukawa na utulivu mzuri. Hapo ningenyamaza. Kila siku tangu wakati ule, ninapovua viatu usiku au ninapotawadha, najiambia hapo ningenyamaza.

Lakini kwetu pwani, firigisi ya ndege ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamke anaitoa kwenye chungu anamwekea mumewe, na mtoto akiigusa anachapwa. Mume anayeichukua firigisi akampa mkewe, huyo amesema kila kitu. Mama zetu wangemsimulia kwa mashoga zao. Nami nilikuwa nafanya hivyo. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa nimewahi kufanya kama mume, na nilitaka wakwe zangu wakijue.

"Baba," nikasema, "usidhani namnyanyasa. Nyumbani kwangu tukichinja kuku, firigisi siili mimi. Nampa yeye."

Msomaji wa Karagwe ameshajishika kichwa. Nieleze kwa wengine. Kule mwanamke hali ndege. Anamfuga kuku, anamchinjisha, anampika, anamwandalia mumewe na wageni, na yeye mwenyewe halambi hata mchuzi. Hilo nililijua, hakuna asiyelijua. Ila mke wangu aliposilimu na kuingia kwangu nilimwambia kuku ni halali, Mungu hakumkataza mwanamke, ale. Alikataa kwa miezi mingi. Kisha siku moja alikula kidogo, akiwa amefunga mlango, na baadaye akawa anakula kila tukichinja, daima akiwa amefunga mlango. Nilidhani anafunga kwa sababu ya paka. Nilidhani mwiko umekwisha, kama mtu anavyoacha nguo ya zamani. Haikunijia akilini kwamba kwao hawajui, wala kwamba mwanamke akishakula ndege, mama yake hawezi tena kula naye chungu kimoja.

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliinama akakichukua kile kikapu cha buni kutoka mbele yangu, akakishika kifuani. Baba mkwe alikuwa bado na lile tabasamu, limebaki usoni kwa sababu hajapata wakati wa kuliondoa.

"Anampa kuku," alimwambia mkewe, kana kwamba mimi sipo. Kisha akaita mlangoni. "Mwanangu. Toka."

Mke wangu akatoka akapiga magoti kando yangu, si karibu sana.

"Mumeo anasema unakula kuku. Unakula?"

Nilijua jibu lipo mikononi mwake. Angesema "hapana", lingekwisha. Wangecheka, wangesema Mswahili huyu kwa kujigamba, amepigwa na baridi ya mto mpaka akili zimelowa. Nilimwomba kwa macho aseme hapana. Nilikohoa. Nilikuwa tayari kuitwa mwongo mbele ya kijiji kizima, nitamke mwenyewe kwamba nimeongopa, lakini ulimi ulikuwa umekauka kwa buni zile na nilichelewa.

"Ninakula," alisema.

Baba mkwe alimwinua bata wangu kutoka chini, akamfuta tope la bawani kwa kiganja, akaniwekea magotini.

"Umefanya kazi nzuri mtoni," aliniambia, na alikuwa anasema kweli, haikuwa dharau. "Mchukue mkeo. Huyu ndege mkamle kwenu."

Mke nilipewa hivyo, bila kusomewa shitaka, bila kuulizwa tena, upesi kuliko mwanamume yeyote niliyemsikia. Mama mkwe aliingia ndani akatoka na mzigo wa binti yake. Hakumkabidhi mkononi. Aliuweka chini, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja auokote. Walitazamana. Mama alisema neno moja dogo la Kinyambo wanalowaambia watoto wakati wa kuwaaga.

Tukashuka kilima. Yeye alitangulia na mzigo kichwani, mimi nyuma na bata na gobori, nachechemea. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilikuwa na hasira na mila yao, na mto, na yule mvuvi, na mdomo wangu, na hata yeye. Tulikwenda hivyo mpaka nyumba za Kaisho zikapotea nyuma ya migomba, ndipo nikashindwa.

"Mbona hukukataa?" nikamwuliza. "Neno moja tu. Ungesema huli, tungeondoka kwa amani."

Hakugeuka. Mzigo ulikuwa umetulia kichwani.

"Mzigo huu niliufunga juzi," alisema. "Mama alikuwa ameshakubali. Baba alikuwa anataka uje tu, aone umekuja. Ungekuja mikono mitupu tungeondoka."

Niliitazama kamba ya mzigo ule. Ilikuwa imefungwa vizuri, kwa fundo la mtu asiye na haraka.

"Sasa kwa nini hukukataa?"

Nilimwona anauweka sawa mzigo kwa mkono mmoja.

"Umekuja mbele ya baba na damu mkononi," alisema, "halafu mimi nikuache uonekane mwongo?"

Nilimwambia anipe mzigo nimbebee, akasema mkono wangu unauma. Tukaendelea kushuka.